Mstari Uliokaa Ukingoni

"Tusa mwanangu, hebu njoo unitengenezee hiki kidude. Kimeanza tena ujinga wake."

Mzee Ambakisye hakuwahi kukiita kihariri chake kwa jina lingine. Miaka thelathini na moja alikuwa akiandika hati za kuongoza vitanda vya Nyumba ya Usingizi ya Tukuyu, na programu aliyoandikia ikabaki kuwa kidude. Niliiacha chai yangu nikaenda mezani kwake. Mvua ilikuwa inapiga bati, tunazungumza kwa kupaza sauti.

"Kimefanya nini leo?"

"Nikibonyeza Tab mara moja, kinaniwekea vijinafasi vinne. Haya, sawa. Nikikosea nataka kufuta, nibonyeze mara nne. Kwa vidole hivi?" Akaninyooshea mikono yake, viungo vimevimba. "Mpaka jioni nitakuwa nakula kwa miguu."

Nilicheka. Nikafungua mipangilio, nikakuta kisanduku kimewekewa alama ya vema: geuza Tab kuwa nafasi. Nikaiondoa ile alama. Chini yake kulikuwa na upana wa Tab, umeandikwa nane. Nikaweka nne, ili mistari yake ionekane imelingana na yetu wengine. Akabonyeza mara moja, mstari ukaingia ndani. Akafuta mara moja, ukarudi.

"Eeh! Sasa hapo umenifaa. Mungu akubariki."

Haikuchukua hata nusu dakika. Nawaambia mapema kabisa ili msije mkahangaika kumtafuta mtu mwingine: ni mimi niliyefanya, kwa mkono wangu, na nilifanya kwa huruma.

*

Kwetu hati haipigwi muhuri mpaka isomwe. Ndiyo desturi ya ofisi yetu, na tulikuwa tunaringa nayo. Mwandishi anasimama, anasoma hati yote kwa sauti, neno kwa neno. Shahidi anakaa mbele yake, amefumba macho. Macho yanazoea makosa, tulikuwa tukiambiana, sikio halizoei. Shahidi akiridhika anaweka dole gumba, na hati inafungwa siku arobaini.

Ijumaa ile mwandishi alikuwa Mzee Ambakisye, shahidi mimi. Hati ilikuwa ndefu, nami nilikuwa macho haswa, kwa sababu mmoja wa wagonjwa mia mbili na kumi na mbili waliolazwa usingizini mle ni mdogo wangu wa tumbo moja, Subilaga. Figo zake zilikwisha. Maabara inamwoteshea figo mpya, kazi ya miezi kumi na minne, na muda wote huo amelazwa ndani ya kitanda cha kioo, mwili umepozwa mpaka digrii thelathini na nne, damu inatembea polepole. Yeye ndiye aliyeingia mwisho. Kitanda cha mia mbili na kumi na tatu, cha mwisho kabisa, kilikuwa kwa fundi.

Mzee akasoma. Kwa kila jina katika orodha: pima damu. Pima pumzi. Lisha. Geuza ubavu. Akafika mwisho kabisa, kwenye maneno ambayo daktari alikuwa ameomba yaongezwe jana yake. "Ikiwa ana homa: andika homa yake. Shusha joto lake digrii moja."

Mwenye homa apozwe kidogo, basi, kuna ubaya gani hapo? Nilisikia vizuri. Nikafumbua macho, nikaweka dole gumba.

*

Jumatatu mchana mama yangu alinipigia simu akilia. Nilikwenda mbio, ofisi na wodi vinatenganishwa na ua tu. Nikamkuta amesimama kwenye kitanda cha Subilaga, amevua kitenge chake na sweta, ametandika juu ya kioo. Na blanketi la nyumbani pia, lile jekundu, alikuwa amekuja nalo kwenye kikapu.

"Mama, hilo halifiki ndani."

"Najua halifiki. Nifanyeje sasa? Soma hapo."

Namba pembeni ya kitanda ilisema thelathini na moja. Nilidhani nimeona vibaya.

"Jumamosi ilikuwa thelathini na tatu," mama akasema. "Jana thelathini na mbili. Nikamwambia Sista, akaniambia kitanda hakina shida."

Sista Tuponile, mkuu wa wodi, alikuja akanionyesha taa ya kijani. "Kitanda kinasema sawa, dada Tusa. Kimeambiwa kiwe thelathini na moja, kipo thelathini na moja. Nilidhani daktari ndiye aliyeagiza."

"Nani kakiambia?"

"Msomaji."

Msomaji ni ile mashine yetu. Kila siku saa sita kamili mchana inasoma hati kuanzia juu hadi chini, inafanya yaliyoandikwa, kisha haisomi tena mpaka kesho yake, inabaki kuendesha pumzi za wasioweza kupumua wenyewe tu. Haina ubishi na haina akili. Tuliipenda kwa sababu hiyo.

"Ana homa?" nikauliza. "Amewahi kuwa na homa?"

"Hata siku moja," Sista akasema.

*

Nilikesha, nikaiona kasoro Jumanne asubuhi. Nilikuwa nimeitazama hati mara ishirini kwenye skrini yangu, imenyooka vizuri, kila mstari mahali pake. Mwisho nikakiambia kihariri kinionyeshe vile vitu ambavyo kwa kawaida hatuvioni. Nafasi zote zikageuka vidoti. Vidoti vinne, vidoti vinane, ukurasa mzima. Mstari wa mwisho peke yake haukuwa na kidoti hata kimoja. Ulikuwa na mishale miwili midogo, Tab mbili, alizobonyeza Mzee Ambakisye Alhamisi, baada ya mimi kugusa mipangilio, kwa vidole vyake vinavyouma.

Niwaeleze taratibu, maana hata wanasheria wa Tume ya Mihuri ilibidi niwaeleze mara tatu. Msomaji hajui mabano wala vituo vya kufunga habari. Anajua ujongezo tu. Mstari ukisogezwa ndani ya mwenzake wa juu, unamtii huyo wa juu. Ukikaa ukingoni, unajitegemea. Na huko kusogezwa anakupima kwa kuhesabu nafasi. Alama ya Tab kwake ni takataka iliyoingia kwa bahati mbaya, anaipangusa. Kwetu sisi kwenye skrini mstari ule ulikuwa umeingia ndani mara mbili, chini ya homa, upana ule ule niliouweka mimi. Kwake yeye ulikuwa ukingoni kabisa.

Kwa hiyo alikuwa anapita orodha yote, mia mbili na kumi na mbili, anawapima na kuwalisha. Anamaliza. Halafu anakutana na amri iliyobaki peke yake: shusha joto lake digrii moja. Lake nani? La huyo ambaye jina lake bado liko mdomoni, yule wa mwisho.

Na tulikuwa tumeusoma kwa sauti, na nilikuwa nimefumba macho. Nafasi haina sauti, jamani. Miaka thelathini na moja ya kusomeana na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaza kwamba ile sehemu anayoijali Msomaji kuliko zote ndiyo sisi hatuitamki.

Mzee Ambakisye alipoiona alikaa chini, kwenye sakafu. "Ni mimi," akasema.

"Ni mimi niliyebadilisha mipangilio, Mzee."

"Ni mimi niliyebonyeza."

Tukabaki tunagombania kosa, watu wazima wawili, mpaka saa sita ikafika. Namba ya Subilaga ikawa thelathini.

*

Mtasema, si mfute huo mstari. Ni neno moja tu, hata neno si neno, ni kubonyeza kitufe mara nane.

Muhuri haufunguki. Wakubwa walishawahi kuhonga waandishi ili ndugu zao wapewe damu ya wengine, na watu kumi na tisa walikauka vitandani bila mtu kujua. Nchi nzima ikapiga kura: hati ikishafungwa, siku arobaini haiguswi, na vitanda havifunguliwi kwa mkono. Majina mapya yanaweza kuingia kwenye orodha, lakini jina halitoki, hata mtu akifa. Mimi mwenyewe nilipiga kura ya ndiyo, nikaenda nyumbani nikajisifu.

Njia ni moja, kumzima Msomaji. Kuzima na kuwasha tena ni saa nzima, na mle wodini kuna watu kumi na saba wasioweza kupumua bila yeye.

Nikaipigia Tume ya Mihuri, ambayo asubuhi nilikuwa nimeitumia taarifa. Alipokea dada mmoja mwenye sauti ya upole sana.

"Dada Tusajigwe, tumekuelewa na tumeumia pamoja nawe. Kamati imekaa. Kumi na saba kwa mmoja, kamati haiwezi."

"Sijawaambia muwaue hao kumi na saba. Nawauliza kama kuna njia nyingine."

"Hiyo ndiyo tunayokuuliza wewe. Wewe ndiye mtaalamu."

"Ikifika ishirini na nane moyo wake unasimama! Ni keshokutwa!"

"Pole sana, dada yangu. Upokeaji wa wagonjwa uendelee kama kawaida, tafadhali, msilete taharuki."

Akakata. Nilitukana simu ile matusi ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Halafu maneno yake yakanirudia. Upokeaji uendelee kama kawaida. Fundi alikuwa amesema kitanda cha mia mbili na kumi na tatu kitakuwa tayari Jumatano.

Akiingia mtu mwingine, Subilaga hatakuwa wa mwisho.

Niliwaza hivyo, na moyo wangu uliruka kwa furaha kabla akili haijamaliza hesabu. Baada ya kitanda hicho hakuna kingine. Atakayelala humo atabaki wa mwisho mpaka muhuri ufunguke, na muhuri una siku thelathini na kitu mbele. Yeye atakuwa na siku sita.

*

Jumatano asubuhi nilikwenda mwenyewe. Sikumwambia mtu. Kitanda kilikuwa wazi, kinanuka plastiki mpya. Nikapanda, nikaweka mkono kwenye sindano ya kupima. Kitanda kikafikiri kidogo, kisha kikaandika: mzima, hastahili. Nikajaribu mara tatu, nikakipiga teke. Nilikuwa sijawahi kuichukia afya yangu.

Niliposhuka nikamkuta Mzee Ambakisye mlangoni, amevaa shati jeupe la kanisani.

"Na wewe?" akauliza.

"Kimenikataa."

"Mimi nina presha na viungo." Akapanda kwa shida, nikamshika kiwiko. Kitanda kikaandika: umri umepita, hastahili. Alibaki amelala pale akitazama dari, machozi yanamtiririka kuelekea masikioni. Nilimsaidia kuvaa viatu.

Saa nne Sista Tuponile akamleta aliyefuata kwenye orodha ya kusubiri. Baba Lusajo, mapafu. Mkewe alikuwa anasukuma kiti chake mwenyewe, amekataa kusaidiwa. Mwanamume yule alikuwa mrefu na amekonda, kila pumzi anaitafuta. Mkewe alikuwa anamsemesha njia nzima, umeona, baba, umeona, tumefika.

Ningeweza kwenda zangu ofisini. Sista hakujua lolote kuhusu mwisho wa orodha, Tume haikujali, na Mzee hakuwa na nguvu ya kusema. Nilifika hadi uani kabisa. Nikarudi.

"Mama Lusajo, naomba tuongee kidogo."

Tulikaa kwenye benchi karibu na jiko la hospitali. Alikuwa na ndizi mbivu mkononi, anaimenya kwa ajili ya mumewe ambaye hakuwa anaweza kumeza. Nikamwambia kila kitu, Tab na nafasi na jina la mwisho.

"Kwa hiyo hicho kitanda kinaua," akasema.

"Yeyote atakayelala hapo leo ana siku sita."

"Atasikia maumivu?"

"Hatasikia kitu."

"Tumekisubiri kitanda hicho miezi kumi na moja." Akaiweka ndizi kwenye mapaja. "Kyela hakuna. Mbeya kumejaa. Daktari amesema huku nje ana siku mbili. Akijitahidi, tatu." Akatazama kule wodini. "Na huyo wa mwisho sasa hivi, ni nani?"

"Mdogo wangu."

Akanigeukia, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Basi umekuja kuniambia ili nikatae, au ili nikubali?"

"Sijui, mama."

"Hujui!"

"Haki ya Mungu sijui."

Akasonya, msonyo mrefu uliofanya mpishi achungulie dirishani. "Si ungenyamaza tu, dada? Ningeingia mle na furaha yangu. Siku sita ningekuwa naota mapafu mapya, na angekufa nikasema ni Mungu. Watu wengine hamuwezi kubeba, mpaka mtutwishe na sisi."

"Nisamehe."

"Sikusamehe." Alisema bila hasira, akaanza kuila ile ndizi mwenyewe, taratibu, akaimaliza yote. Nilikaa. Nilitaka aseme hapana ili niwe mtu mwema, na nilitaka aseme ndiyo kwa nguvu zangu zote. Namba ya Subilaga saa ile ilikuwa inakwenda kuwa ishirini na tisa.

"Lusajo yuko njiani," akasema hatimaye. "Anatoka Mpanda, barabara imekatika, atafika Ijumaa au Jumamosi. Huku nje hatamkuta baba yake. Mle ndani atamkuta anapumua." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Baba yake mwenyewe nitamwambia. Ana akili zake timamu. Aamue yeye."

Alikwenda akachuchumaa mbele ya kile kiti, akamsemesha mumewe kwa Kinyakyusa, sikioni, muda mrefu. Nilikuwa mbali, sikusikia. Nilimwona Baba Lusajo akifumba macho, akafumbua. Kisha akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. Akanyanyua kidole kimoja akaelekeza kitandani.

Walimlaza saa nane mchana. Msomaji alikuwa ameshapita saa sita, Subilaga ishirini na tisa. Kioo kikashuka juu ya Baba Lusajo, namba yake ikaanza kushuka taratibu hadi namba ya wote, thelathini na nne, ikatulia.

*

Alhamisi saa tano na nusu nilikuwa wodini. Mama alikuwa ameshafika tangu asubuhi. Yeye sikumwambia habari ya kitanda cha Baba Lusajo, naomba mnielewe, nilimwambia tu kwamba leo saa sita tutajua. Alikuwa anasali chinichini, mkono juu ya kioo. Hatua tatu kutoka kwake Mama Lusajo alikuwa amekalia ndoo iliyogeuzwa, anamtazama mumewe. Walikuwa wamesalimiana vizuri kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga, kama ndugu wowote wa wagonjwa wenye vitanda jirani. Mama yangu alikuwa amemgawia chapati.

Saa sita ikafika. Msomaji hana kelele. Unaona tu taa ndogo za vitanda zikiwaka na kuzima kwa zamu, moja baada ya nyingine, kutoka mwanzo wa wodi kuja kwetu. Mia mbili na kumi. Mia mbili na kumi na moja. Ya Subilaga ikawaka, ikazima. Ya Baba Lusajo ikawaka, ikazima.

Ishirini na tisa. Nikahesabu mpaka sitini, nikahesabu tena. Ishirini na tisa, haikusogea.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikashika ukuta. Ndipo nikatazama upande wa pili, nikaona thelathini na nne ikigeuka kuwa thelathini na tatu.

Mama akapiga vigelegele. Vile vya harusini, vya nguvu, ulimi unacheza, mikono juu. "Asante Mungu! Asante Yesu! Mwanangu hajashuka! Imesimama! Njooni muone imesimama!" Wauguzi wakageuka. Nikamkimbilia nikamshika bega, nikamwambia mama, mama nyamaza, mama tafadhali, na yeye akanikumbatia, akaendelea kupiga akiwa amenikumbatia, sikioni mwangu, mimi nikijaribu kumziba mdomo kwa kiganja.

"Mwache," Mama Lusajo akasema.

Hakuwa amesimama pale ndooni. Alikuwa anaitazama ile thelathini na tatu.

"Mwache apige. Juzi waliponipigia simu kwamba kitanda kimepatikana, na mimi nilipiga hivyohivyo."